Tangi la Mafuta Linapovuja: Jinsi ya Kufuatilia Uchafuzi wa Maji ya Chini ya Ardhi, Hatua kwa Hatua

Tangi la chuma lililofukiwa chini ya kituo cha mafuta huliwa na kutu pande zote mbili: nje kwa unyevu na chumvi ya udongo, ndani kwa maji yanayotuama chini ya mafuta. Tundu dogo kama ncha ya sindano linaweza kuvujisha kwa miezi bila mwenye kituo kushtuka, kwa sababu kinachopotea kila siku ni kidogo kuliko makosa ya kawaida ya kupima. Mara nyingi siyo hata tangi lenyewe. Ni kiungo cha bomba linalokwenda kwenye pampu.

Dar es Salaam ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Baada ya ukame wa 1997 watu, taasisi na mamlaka walichimba visima kwa wingi, na hadi leo kuna nyumba ambazo maji yao ya kila siku yanatoka ardhini, hatua chache kutoka kwenye sheli. Chini ya sehemu kubwa ya jiji kuna tabaka la mchanga la juu ambalo halina kifuniko, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wa chini. Petroli ikivuja huanza kuharibu lile la juu.

Kinachotuhangaisha zaidi ndani ya petroli ni benzini. Inasababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 ina karibu gramu 8.8 za benzini, ambazo zikisambaa zote zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho. Na ulimi wa mtu huanza kuihisi benzini kwenye maji karibu na miligramu 0.5 kwa lita, yaani mara 50 ya kikomo. Ndiyo maana kauli ya "maji yetu hayanuki" haithibitishi lolote. Wenzake wa kundi la BTEX, yaani toluini, ethilibenzini na zailini, hunuka mapema zaidi, kwa hiyo ukisikia harufu chukua hatua siku hiyohiyo. Usipoisikia, bado pima.

Mwongozo huu ni kwa fundi maji, afisa mazingira, kamati ya maji ya mtaa na mwenye kituo anayetaka kujua ukweli wa tangi lake.

Kabla ya yote: mvuke unaua

Mvuke wa petroli huanza kulipuka ukifikia asilimia 1.4 hivi ya hewa, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya ndani ya visima, mashimo na makaro. Mtu yeyote asishuke kisimani kuangalia. Asiwashe kiberiti, asiwashe pampu ya umeme, asimulike kwa taa isiyo maalumu kwa maeneo ya mvuke. Ukifunua kisima kinachonuka, simama upande upepo unakotoka na ukiache wazi kwa muda kabla ya kuteremsha kifaa chochote.

Hatua ya 1: Soma karatasi na usikilize watu

Anza kwenye daftari la kituo. Kila siku mwendeshaji anatakiwa kupima tangi kwa kijiti, kujumlisha mzigo ulioshushwa, kutoa mauzo ya mita za pampu, na kulinganisha. Tofauti ndogo ni jambo la kawaida. Petroli hupanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo lita 10,000 zikipoa nyuzi 5 zinapungua karibu lita 50 bila tone kuvuja. Marekani hutumia kanuni ambayo naiona inafaa popote: ukijumlisha mwezi mzima, tofauti ikizidi asilimia 1 ya mauzo pamoja na lita 490 hivi, chunguza. Mimi naongeza jambo moja: tazama upande wa tofauti. Daftari la tangi zima huwa na siku za kuzidi na siku za kupungua. Daftari linalopungua wiki baada ya wiki, hata kwa kiasi kidogo, linakuambia kitu.

Paka pia dawa ya kugundua maji kwenye ncha ya kijiti. Maji yakiongezeka chini ya tangi baada ya mvua za masika, kuna mahali yanapoingilia, na panapoingiza maji panaweza kutoa mafuta. Uliza umri wa tangi, kama ni la kuta mbili, na lini mara ya mwisho tangi na mabomba vilijaribiwa kwa shinikizo.

Kisha nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ueleze unachofanya, ndipo uzunguke. Wanaochota maji ndio wanaojua. Mwulize mama mwenye kisima: maji yalibadilika lini? Yana utando wenye rangi za upinde wa mvua? Wakati wa mvua au kiangazi? Andika majibu kwa tarehe. Mara nyingi taarifa hizo hukuonyesha upande wa kuanzia kabla hujatumia hata shilingi kwenye maabara.

Hatua ya 2: Hesabu visima vilivyopo

Chora ramani ya kila kisima ndani ya mita 300 hivi kutoka kituoni: kina chake, mwaka wa kuchimbwa, kimetengenezwaje, kinatumika kwa nini, kinasukumwa saa ngapi. Weka pia vyoo vya shimo, makaro, gereji, jenereta zenye matangi yao na sheli za zamani zilizofungwa. Tangi lililosahaulika chini ya jengo jipya ni mshukiwa halali.

Visima hivi vinafaa kwa uchunguzi wa awali, lakini vina udanganyifu wa aina mbili. Kisima cha kuchimbwa kwa jembe kilicho wazi hupoteza benzini hewani, kwa hiyo majibu mazuri kutoka humo si hakikisho. Kisima kirefu chenye pampu mita 60 chini kinavuta kutoka mchanga wa chini, wakati petroli, ambayo ni nyepesi kuliko maji, imeelea juu ya maji ya tabaka la juu. Kinaweza kuwa safi leo ilhali uchafu umekaa juu yake, ukisubiri njia pembeni mwa bomba lisilozibwa vizuri.

Hatua ya 3: Jua maji yanaelekea wapi

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Watu huchimba kisima cha uchunguzi pale penye nafasi, wakapata maji safi, wakatangaza kwamba tangi halivuji. Maji ya chini ya ardhi hutembea, na uchafu unayafuata. Kisima kilicho upande yanakotoka kitabaki safi hata tangi likivuja lote.

Unahitaji visima vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja. Mwite mpimaji mwenye mashine ya kusawazisha akupimie urefu wa mdomo wa kila bomba kutoka alama moja ya kudumu, kwa usahihi wa sentimita. Kisha pima kina cha maji kutoka mdomo huo. Urefu wa mdomo ukitoa kina unapata usawa wa maji. Tuseme kisima A ni mita 18.42, B ni 18.10 na C ni 17.78. Kwenye mstari wa A hadi C, tafuta pale ambapo usawa ungekuwa 18.10, kwa mfano huu ni katikati kabisa. Unganisha nukta hiyo na B. Mstari huo una usawa mmoja wa maji, na maji yanatembea kuukata kwa pembe mraba, kuelekea upande wa C.

Ikiwa kutoka mstari huo hadi C ni mita 40, mteremko ni 0.32 gawanya kwa 40, yaani 0.008. Kwa mchanga wenye uwezo wa kupitisha maji wa mita 5 kwa siku na wenye uwazi, yaani nafasi kati ya chembe, wa asilimia 25, zidisha 5 kwa 0.008 kisha ugawanye kwa 0.25: maji yanakwenda karibu mita 0.16 kwa siku, kama mita 58 kwa mwaka. Benzini huenda polepole kuliko maji kwa sababu hunasa kwenye udongo na huliwa na bakteria, lakini sasa una kipimo cha kufikiria nacho.

Mambo mawili huvuruga hesabu hii katika ukanda wa pwani. La kwanza ni pampu za majirani. Kisima kinachosukumwa mchana kutwa huvuta maji kutoka pande zote, hata kugeuza mwelekeo wa asili. Pima alfajiri kabla hazijawashwa, halafu pima tena zikiwa zinafanya kazi, kwa sababu mwelekeo wa pili ndio unaopeleka petroli kwenye ndoo za watu. La pili ni bahari. Maeneo ya karibu na ufuo, kama Msasani au Kigamboni, maji ya kisimani yanaweza kupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa. Pima visima vyote ndani ya muda mfupi, ukiandika saa na hali ya bahari, na ukirudi rudi kwenye hali ileile. Ukilinganisha kipimo cha bamvua (siku za maji makubwa) na cha maji mafu (siku za maji madogo) utaona mabadiliko yasiyohusiana na tangi hata kidogo.

Hatua ya 4: Chimba visima vya uchunguzi

Kwanza kabisa pata kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Kwa kiwango cha chini weka kisima kimoja juu ya kituo, yaani upande maji yanakotoka, kimoja karibu kabisa na matangi upande maji yanakoelekea, na viwili mbele zaidi, kati ya kituo na kisima cha karibu cha wananchi. Kile cha juu usikiruke ili kuokoa pesa. Ndicho kitakachokuambia kama uchafu ni wa kituo hiki au umekuja kutoka gereji ya jirani.

Bomba la plastiki la milimita 50 linatosha. Sehemu yenye matundu ianze mita 1 hadi 1.5 juu ya usawa wa juu kabisa wa maji kwa mwaka na ishuke kama mita 3 chini ya usawa wa sasa. Sababu ni ileile: mafuta yanaelea. Bomba lenye matundu chini tu litapitwa na petroli juu yake. Viungo viwe vya kusokota, kamwe visiwe vya gundi, maana gundi ya mabomba ina viyeyushi vitakavyojitokeza maabara kana kwamba ni uchafuzi. Jaza kokoto safi ndogo kuzunguka matundu, kisha udongo wa bentonaiti, ambao huvimba ukilowa na kuziba maji, kisha saruji hadi juu, na kifuniko chenye kufuli. Mchimbaji akigusa udongo wa mfinyanzi asimame. Kuutoboa ni kufungulia petroli njia ya kwenda kwenye mchanga wa chini, na hapo utakuwa umesababisha janga ulilokuja kulizuia.

Kikishakamilika, choteni hadi maji yatoke maangavu, halafu kiacheni kitulie kwa angalau siku kadhaa.

Hatua ya 5: Pima usawa na mafuta yanayoelea

Kila mara unapofika, hili linatangulia uchukuaji wa sampuli. Kipima-mpaka chenye waya hulia kwa mlio mmoja kikigusa mafuta na mwingine kikigusa maji. Usipokuwa nacho, teremsha taratibu kichoteo cha plastiki angavu hadi juu ya maji tu, ukitoe na uangalie tabaka.

Mafuta yakiwepo, uzito wake hushusha maji ndani ya bomba, kwa hiyo sahihisha. Mafuta yakianza mita 5.20 na maji mita 5.60, unene ni mita 0.40. Zidisha kwa 0.75, wepesi wa petroli ukilinganishwa na maji, upate 0.30, kisha utoe kwenye 5.60: kina halisi cha maji ni mita 5.30. Usitangaze kwamba kuna sentimita 40 za petroli chini ya mtaa mzima. Unene ndani ya bomba kwa kawaida huzidi ule ulioko mchangani. Kisima chenye mafuta yanayoelea hakihitaji sampuli ya maji. Jibu umeshalipata.

Hatua ya 6: Chukua sampuli

Usijaze mafuta kwenye gari asubuhi ya kazi. Usipake manukato wala mafuta ya kujikinga na jua. Jenereta ikae mbali, upande upepo unakoelekea. Vaa glovu mpya za naitrili kwa kila kisima, na anza na kile unachoamini ni kisafi zaidi, umalizie na kichafu.

Maji yaliyotuama kwenye bomba hayawakilishi yaliyo ardhini, kwa hiyo yatoe kwanza. Bomba la milimita 50 linabeba karibu lita 2 kwa kila mita. Maji yenye kimo cha mita 6 ni lita 12, na kanuni ya kawaida ni kutoa mara tatu, yaani lita 36. Njia iliyo bora, ukiwa na pampu ndogo, ni kuvuta polepole, kati ya lita 0.1 na 0.5 kwa dakika, bila kushusha maji zaidi ya sentimita 10, hadi pH (kipimo cha uchachu), upitishaji umeme na oksijeni vitulie kwenye vipimo vitatu mfululizo. Maji unayotoa yaingie kwenye dumu lenye kifuniko na yatupwe kama taka hatari. Kuyamwaga mtaroni ni kuendeleza uvujaji.

Chupa ni za kioo za mililita 40, zenye kifuniko cha utando wa Tefloni, na maabara huziweka asidi kidogo ili bakteria wasile benzini njiani. Mimina taratibu ukutani mwa chupa, bila kufoka, hadi maji yavimbe juu ya mdomo. Funga, igeuze, igonge kwa kidole. Ukiona kiputo, itupe ujaze nyingine, kwa sababu benzini hukimbilia humo. Zihifadhi kwenye barafu, nyuzi 4, na zifike maabara mapema. Sampuli zenye asidi zina siku 14, zisizo na asidi 7. Chupa ya soda au ya maji ya dukani haifai kabisa, hata ikisuuzwa mara kumi.

Ongeza chupa moja ya maji safi kutoka maabara inayosafiri na zingine bila kufunguliwa, na chupa pacha kutoka kisima kimoja. Ya kwanza ikionyesha benzini, safari yenyewe imechafua. Ya pili ikitofautiana sana na pacha wake, mkono wako au maabara ina shida. Fomu ya makabidhiano isainiwe na kila aliyezishika chupa. Siku kesi itakapofika mahakamani, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Kama hakuna kisima cha uchunguzi na unachukua kwenye bomba la jirani, chukua kabla ya maji kuingia simtanki. Yakishakaa juani, kilichokuwemo kimekwisharuka.

Hatua ya 7: Ulizia maabara kabla ya kulipa

Kuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kuna maabara binafsi. Popote uendako, uliza maswali haya: mnapima kila kemikali ya BTEX peke yake kwa gesi kromatografia, njia inayotenganisha kemikali moja moja? Kiwango cha chini mnachoweza kugundua ni kipi? Maabara inayoanzia mikrogramu 50 kwa lita haiwezi kukuambia lolote kuhusu kikomo cha 10. Tafuta inayofikia 1. Kipimo cha "mafuta na grisi" hakitoshi, kwani mvuke mwepesi wa petroli hupotea wakati wa kukitayarisha. Kama ni dizeli au mafuta ya taa, omba pia jumla ya haidrokaboni (kemikali za mafuta kwa ujumla) na naftalini, mojawapo ya kemikali hizo.

Omba pia MTBE, kiongeza-nguvu kinachochanganywa kwenye baadhi ya petroli. Huyeyuka kwenye maji kwa urahisi na haiozi haraka, hivyo hutangulia mbele ya benzini. Mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake mwaka 1996 kwa sababu yake na kupoteza karibu nusu ya maji yake.

Hatua ya 8: Soma majibu kwa misimu

Sampuli moja ni picha ya siku moja. Pima kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, ili upate masika, kiangazi na vuli. Mvua zikipandisha maji, petroli iliyoganda kwenye chembe za mchanga hufunikwa. Mafuta yanayoelea hupotea machoni na benzini inaweza kushuka kwa muda kwa kuchanganyika na maji mapya. Kiangazi kikishusha maji, mafuta yanarudi. Aliyepima Mei peke yake anaweza kusherehekea bure.

Chora grafu ya kila kisima: benzini na usawa wa maji pamoja. Kisha angalia mbele: je, kisima cha mwisho kinapanda? Utafiti wa maabara ya Lawrence Livermore wa 1995 uliochambua vituo vya California ulikuta kwamba mikondo mingi ya benzini husimama kabla ya kufika mita 80, kwa sababu bakteria wa ardhini huila. Ni habari njema, lakini isichukuliwe kama ruhusa ya kulala. Kisima cha mtaa kinachosukumwa kutwa huuvuta mkondo mbali zaidi.

Bakteria hao huacha alama. Wakila petroli wanamaliza oksijeni, kisha naitreti, halafu chuma kilichoyeyuka kinaongezeka. Tatizo la mitaa yetu ni kwamba vyoo vya shimo navyo humaliza oksijeni na kuleta naitreti yao. Ndiyo maana unalinganisha na kisima cha juu ya kituo, si na jedwali la kitabuni. Na upitishaji umeme mkubwa karibu na pwani kwa kawaida ni chumvi ya bahari, haukuambii chochote kuhusu petroli.

Benzini ikizidi kikomo

Usisubiri sampuli ya pili ndipo uwaambie watu. Siku hiyohiyo kisima kiache kutumika kwa kunywa, kupikia na kuoga. Waeleze waziwazi kwamba kuchemsha si tiba: benzini inahamia kwenye hewa ya jikoni, na mama na watoto wanaivuta. Klorini nayo haiiondoi. Ombeni maji ya boza wakati uchunguzi unaendelea.

Toeni taarifa kwa maandishi kwa bodi ya bonde, NEMC (wasimamizi wa mazingira) na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji). Kenya ni WRA (rasilimali za maji), NEMA (mazingira) na EPRA (nishati na petroli). Kituo kisimamishe tangi linaloshukiwa, kihamishe mafuta, na lijaribiwe pamoja na mabomba yake. Chukua sampuli ya kuthibitisha ndani ya wiki. Waliokuwepo mwaka 2015 huko Thange, kaunti ya Makueni, wakati bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilipovuja na kuchafua mto na visima, wanajua kwamba madai ya fidia huchukua miaka mingi. Karatasi zenye tarehe, sahihi na namba za chupa ndizo zinazobaki na nguvu muda wote huo.

Lini uache kupima

Chanzo kikiwa kimeondolewa, endelea kila robo mwaka hadi visima vyote viwe chini ya kikomo kwa miaka miwili mfululizo, ukiwemo msimu wa maji ya chini kabisa. Huo ni msimamo wangu. Mamlaka inaweza kudai zaidi. Wakikubali mfunge, visima vya uchunguzi visiachwe wazi wala kujazwa kifusi. Jazeni mchanganyiko wa saruji na bentonaiti kuanzia chini kwenda juu kwa bomba la kumiminia, kateni mdomo wa bomba chini ya usawa wa ardhi, na mwandike mahali kilipokuwa kwenye ramani ya mtaa.